Taka ni Mali Iliyokosa Jirani

Tani moja ya miwa ikiingia kinuni, sukari inayotoka ni kilo 100 hivi. Kilo 300 nyingine hutoka zikiwa makapi, nyuzi zilizokamuliwa hadi juisi ikaisha. Kilo 35 hadi 40 ni molasi, uji mweusi mzito usiokubali tena kuganda ukawa sukari. Kilo nyingine 30 au 40 ni tope linalosalia kwenye machujio. Kinachobaki ni maji, na hayo huondoka kwa njia ya mvuke. Ukikipima kwa mizani, kiwanda cha sukari hutoa mabaki mengi kuliko sukari.

Kaunti ya Kwale ina kiwanda cha aina hiyo huko Ramisi, kusini mwa Msambweni. Ina mgodi mkubwa wa mchanga wa madini huko Maumba na Nguluku, ambao umemaliza kazi yake. Ina minazi kutoka Tiwi hadi Vanga, na ina safu ya hoteli za Diani ambazo kila siku hutoa chupa, makopo, makaratasi na mabaki ya chakula. Kila mmoja kati ya hawa ana kitu anachotaka kukiondoa mlangoni pake. Wengi wao pia hununua kutoka mbali kitu kinachofanana sana na kile jirani yao anachokitupa.

Wataalamu huita mpango wa kuunganisha watu hawa uchumi wa mzunguko: mali inayotoka kwa mmoja inaingia kwa mwingine badala ya kuishia jaani. Mara nyingi tunaambiwa kwamba kinachotuzuia ni mitambo. Ukichunguza mambo ya Kwale moja baada ya jingine, unaona kwamba mitambo mingi inayohitajika inajulikana kwa miongo mingi. Kinachoamua kama mabaki yatakuwa malighafi au uchafu ni mapatano: nani anayatoa, nani anayachukua, kwa bei gani, yakiwa katika hali gani, na kwa muda gani.

Moto wa makapi

Kilimo cha miwa Ramisi ni cha tangu zamani. Kiwanda cha kwanza kilianguka mwaka 1988, na wakulima wakabaki na miwa isiyo na mnunuzi. Baadaye kampuni ya Kwale International Sugar, ambayo wengi huijua kwa jina la KISCOL, ilifufua mashamba na kujenga kinu kipya kilichoanza kusaga katikati ya miaka ya 2010. Kinu hicho kilibuniwa kusaga tani 3,000 za miwa kwa siku, na pamoja nacho ukajengwa mtambo wa umeme wa megawati 18 unaotumia makapi.

Fanya hesabu. Tani 3,000 za miwa hutoa tani 900 hivi za makapi kwa siku. Yakiachwa uwanjani, hayo ni milima ya nyuzi nyevu inayochacha, kuoza na wakati mwingine kushika moto yenyewe. Yakipelekwa kwenye boila, kila tani hutengeneza tani mbili hivi za mvuke. Mvuke huo hufanya kazi mara mbili: kwanza huzungusha mitambo ya kufua umeme, kisha, ukiwa umepoa kiasi, huenda kuchemsha juisi mpaka sukari igande. Joto lilelile hutumika kwa nguvu na kwa upishi, na ndiyo sababu kinu cha sukari kinaweza kujilisha nishati bila kununua mafuta.

Makapi si kuni nzuri kwa asili. Yanapotoka kinuni, nusu ya uzito wake bado ni maji, na sehemu ya joto hupotea kwa kuyakausha maji hayo kwanza. Kilo moja ya makapi mabichi hutoa joto la megajuli 7.5 hivi, chini kidogo ya theluthi ya joto la kilo ya makaa mazuri ya mawe. Mhandisi anaweza kuyakausha kwa moshi wa moto unaotoka kwenye bomba, na anaweza kutumia boila yenye shinikizo kubwa ili kila tani ya mvuke itoe umeme zaidi. Kinu cha kizamani chenye boila dhaifu hujitosheleza tu. Kinu chenye boila ya kisasa kinaweza kutoa karibu kilowati-saa 100 kwa kila tani ya miwa, na sehemu kubwa ya umeme huo ikawa ya kuuza.

Hapa ndipo mapatano yanapoingia ndani ya uhandisi. Kwa miaka mingi, viwanda vingi vya sukari duniani vilinunua boila duni kwa makusudi. Makapi yalikuwa mzigo, na boila isiyochoma vizuri iliyateketeza yote bila kuacha rundo. Hakukuwa na sababu ya kuokoa hata kilo moja kama hakukuwa na mtu wa kununua umeme. Siku shirika la umeme linapokubali kununua kwa bei inayojulikana kwa miaka kadhaa, makapi yaleyale yanageuka kuwa mafuta ya thamani, na kiwanda kinapata sababu ya kununua boila bora. Karatasi iliyotiwa sahihi hubadilisha hata unene wa mabomba.

Kenya imeshuhudia faida ya mapatano ya namna hiyo, na imeshuhudia pia udhaifu wake. Mumias, magharibi mwa nchi, ilianza mwaka 2009 kupeleka megawati 26 za umeme wa makapi kwenye gridi ya taifa. Kisha miwa ikapungua, kiwanda kikazama katika madeni, na umeme ukakatika pamoja na sukari. Aliyefungamana na mabaki ya jirani amefungamana pia na afya ya jirani huyo. Hilo si hoja ya kukataa ushirikiano. Ni hoja ya kuandika mapema, ndani ya mkataba, jambo litakalofanyika siku jirani atakapougua.

Molasi nayo ina historia yake nchini. Huko Muhoroni, kiwanda cha Agro-Chemical and Food Company kimekuwa kikichukua molasi za viwanda vya sukari vya ukanda ule na kuzigeuza kuwa spiriti na hamira. Kampuni ya Omnicane ya Mauritius, iliyonunua sehemu ya hisa za KISCOL, imejenga kwao La Baraque mkusanyiko wa viwanda vinavyolishana: kinu cha sukari, mtambo wa umeme, kiwanda cha ethanoli kinachotumia molasi, na mtambo wa kusafisha majivu ili yatumike katika saruji. Hata hewa ya kaboni inayotoka kwenye uchachushaji hukusanywa kwa ajili ya vinywaji vyenye gesi. Ramisi basi haihitaji kubuni kitu kisichowahi kuonekana. Mfano uko kisiwani, katika bahari hiyohiyo ya Hindi, na mwenye mfano aliingia Kwale akiwa mbia.

Somo la mji mdogo wa Denmark

Mfano unaotajwa zaidi vitabuni ni wa Kalundborg, mji wa bandari nchini Denmark. Mwaka 1961 mji huo ulihitaji maji ya kiwanda cha kusafisha mafuta, na bomba likavutwa kutoka ziwa Tissø ili kuacha kunyonya maji ya ardhini. Mwaka 1972 kiwanda cha mbao za jasi kilianza kununua gesi ambayo kiwanda cha mafuta kilikuwa kikiiteketeza hewani. Baadaye kituo cha umeme kilipeleka mvuke wake kwa majirani na joto lake kwenye nyumba za mji. Kilipofungiwa mtambo wa kuondoa salfa kwenye moshi, mabaki ya mtambo huo yakawa ni jasi, na jasi hiyo ikaenda kwa jirani wa mbao badala ya kuchimbwa ardhini nchi nyingine.

Hakuna aliyekaa chini mwaka 1961 akachora mpango wote. Kila bomba lilitokana na watu wawili waliojuana, wakajadiliana bei, wakaona kila mmoja anapata. Baada ya miaka karibu 30 ndipo watu walipotazama ramani na kugundua kwamba viwanda vyao vimekuwa mtandao.

Kalundborg inafundisha mambo matatu. La kwanza ni umbali: mvuke hausafiri kilomita 100, na tope lenye maji halilipi nauli ya lori. La pili ni uthabiti: mnunuzi hawezi kubadilisha mtambo wake kwa ajili ya mali inayokuja leo na kukosekana mwezi ujao. La tatu ni kuaminiana, kwa sababu kumwambia jirani unachokitupa ni kumfungulia mlango wa kiwanda chako. Kwa mambo hayo matatu tunaweza kuipima Kwale.

Mchanga wa Maumba

Kampuni ya Base Titanium, iliyomilikiwa na Base Resources ya Australia, ilianza uzalishaji huko Maumba mwishoni mwa mwaka 2013, na shehena ya kwanza ikaondoka Likoni mwezi Februari 2014. Uchimbaji ulikoma Desemba 2024. Kwa miaka kumi na moja, mgodi huo ulitoa ilmenaiti na rutili, ambazo huleta rangi nyeupe kwenye rangi za nyumba, karatasi na plastiki, pamoja na zirkoni inayotumika kwenye vigae vya kauri.

Mchanga wa madini una tabia inayoufanya uwe tofauti na migodi mingine. Madini yanayotafutwa ni mazito kuliko mchanga wa kawaida, kwa hiyo mchanga huchanganywa na maji na kuteremshwa kwenye mifereji ya mzunguko. Mazito yanakimbilia ndani, mepesi yanabaki nje. Baada ya hapo sumaku na umeme tuli hutenganisha aina moja na nyingine. Zaidi ya sehemu tisa kwa kumi ya mchanga uliochimbwa hurudi shimoni. Sehemu moja ya marudio hayo ni mchanga mtupu. Nyingine ni tope laini la chembe ndogo mno ambazo hukaa zikielea majini kwa muda mrefu, na hulazimu kuongezewa dawa ya kuzigandisha ili maji yaliyobaki yavutwe na kutumika tena. Maji mapya yalitoka kwenye bwawa la Mukurumudzi, lenye uwezo wa mita za ujazo milioni 8.4.

Mchanga uliosafishwa kwa namna hii hauna mengi ya kuulisha mmea. Maji hupita kati ya chembe zake bila kukaa, na mbolea huondoka nayo. Hauna viumbehai vidogo vya udongo, wala mabaki ya majani yanayoshika unyevu. Tope laini, kwa upande wake, hushika maji mno na hupasuka likikauka. Ukichanganya vyote viwili unapata udongo ulio afadhali, lakini bado unakosa kitu kimoja: mata hai, yaani samadi, mboji, masalia ya mimea.

Sasa rudi Ramisi, ambayo iko jirani tu. Kinu kinachosaga tani 3,000 kwa siku hutoa karibu tani 100 za tope la machujio. Tope hilo limejaa mata hai, fosfeti na kalisi. Majivu ya boila yana potasiamu. Makapi yasiyochomwa yakichanganywa na tope hilo, yakageuzwageuzwa na kupewa hewa kwa wiki kadhaa, huwa mboji. Upande mmoja kuna ardhi yenye njaa ya mata hai. Upande mwingine kuna kiwanda chenye mata hai kuliko kinavyohitaji. Kati yao kuna barabara ambayo lori linaweza kwenda na kurudi mara kadhaa kwa siku moja.

Ninalitoa hili kama pendekezo, na ninaliamini. Mgodi ulikuwa na kitalu cha miti ya asili na kazi ya kurudisha ardhi iliendelea sambamba na uchimbaji. Lakini ardhi iliyochimbwa haiponi kwa kupandwa miti mara moja. Inahitaji kulishwa kwa miaka. Wakulima wa Msambweni wanaojiuliza watapata nini kutoka kwenye ardhi hiyo wana haki ya kudai kwamba mboji ya Ramisi iwe sehemu ya jibu, na kwamba ipimwe kwanza maabara ili ijulikane ina chumvi kiasi gani na virutubisho gani. Bwawa, barabara, njia za umeme na majengo yaliyoachwa ni mali pia. Kuyabomoa wakati viwanda vidogo vinatafuta maji na umeme kutakuwa upotevu mkubwa kuliko rundo lolote la chupa.

Kumbi na kifuu

Kwa Wadigo na Waswahili wa pwani ya kusini, mnazi haukuwa na taka. Makuti yaliezekwa, kumbi likasokotwa kamba, kifuu kikawa upawa, gogo likawa nguzo. Kiwanda kinapoingia, hali inabadilika. Nazi zilizokuwa zikifuliwa moja moja nyuani kwa watu sasa zinafuliwa kwa maelfu mahali pamoja, na kumbi lililokuwa likitosheleza mahitaji ya nyumba linakuwa kilima getini.

Katika nazi iliyokomaa, kumbi huchukua kama asilimia 35 ya uzito, kifuu asilimia 12, nyama asilimia 28, na sehemu iliyobaki ni maji. Viwanda vya tui na mafuta, kama Kentaste iliyoko Kwale, hutaka nyama. Kwa hiyo karibu nusu ya uzito wa nazi inamtafuta mtu mwingine.

Kumbi lina vitu viwili ndani yake: nyuzi, yaani usumba, na vumbi la kahawia linaloshikilia nyuzi hizo. Zamani nyuzi zilitenganishwa kwa kufukiwa kwenye matope ya pwani kwa miezi mingi, bakteria wakila gundi inayozishika. Leo mashine hufanya kazi hiyo kwa dakika. Vumbi, ambalo zamani lilitupwa, limekuwa na thamani ya ajabu, kwa sababu linaweza kushika maji mara nane hivi ya uzito wake na bado likaacha nafasi ya hewa kwa mizizi. Wakulima wa maua na mboga wanaotumia mabanda ya vioo na nailoni hulitaka sana, na Kenya, nchi yenye minazi, huagiza vumbi hilo kutoka Asia.

Kikwazo ni chumvi. Kumbi la mnazi wa pwani lina sodiamu na potasiamu nyingi, na likiloweshwa kwa maji ya bahari linazidi. Mmea mchanga ukipandwa humo huungua mizizi. Dawa yake inajulikana: vumbi huoshwa kwa maji baridi, kisha kwa maji yenye kalisi ili kalisi ichukue nafasi ya sodiamu, halafu hupimwa kiwango cha chumvi. Bila mkulima wa maua wa kusema "nataka kiwango hiki, kila mwezi, magunia haya", hakuna kikundi cha Msambweni kitakachonunua tangi la kuoshea na kipima chumvi. Mnunuzi aliyetoa ahadi ndiye anayeufanya ubora uwe na maana.

Kifuu kina safari ndefu zaidi. Kikichomwa kwenye hewa haba hutoa makaa, kilo 250 hadi 300 kwa kila tani. Makaa hayo yakipuliziwa mvuke wa nyuzi joto 800 hadi 1,000, hutobolewa vishimo vidogo visivyoonekana kwa macho, hadi gramu moja ikawa na eneo la ndani la mita za mraba 1,000 hivi. Kaboni ya namna hii huchuja maji ya kunywa, na migodi ya dhahabu huitumia kunasa dhahabu iliyoyeyushwa. Afrika Mashariki ina minazi na ina migodi ya dhahabu. Kukutana kwa viwili hivi ni kazi ya wafanyabiashara na serikali zaidi kuliko kazi ya wanakemia.

Chupa ya Diani

Hoteli za Diani zina taka za aina nyingine, na hapa sayansi ya uzito na ujazo inatawala. Mita moja ya ujazo ya chupa za plastiki zisizobanwa ina uzito wa kilo 20 hadi 30 tu. Kilichojaa humo ni hewa. Zikibanwa na kufungwa marobota, mita hiyohiyo hubeba zaidi ya kilo 250. Lori lililokuwa likibeba tani moja linabeba tani kumi. Kwa miaka mingi lori hilo lilipaswa pia kusubiri kivuko cha Likoni ndipo lifike kwa wanunuzi wa Mombasa na bara. Barabara ya Dongo Kundu, iliyokamilika mwaka 2024, imeiunganisha pwani ya kusini na bara bila feri. Mashine ya kubana inayomilikiwa kwa pamoja na hoteli kadhaa na vikundi vya wakusanyaji, pamoja na barabara hiyo, vina uzito mkubwa katika uchumi wa chupa kuliko mtambo wowote wa kisasa.

Baada ya ujazo kuna usafi. Chupa ya maji imetengenezwa kwa plastiki ya PET, na kifuniko chake kwa plastiki ya aina nyingine. Zikisagwa na kutumbukizwa majini, PET huzama kwa kuwa ni nzito kuliko maji, na vifuniko huelea. Njia hiyo rahisi hufanya sehemu kubwa ya kazi ya kutenganisha. Lakini iko plastiki inayoitwa PVC, yenye uzito unaokaribiana na PET, ambayo maji hayawezi kuitenga. Chembe zake chache zikiingia kwenye PET inayoyeyushwa kwa nyuzi joto zaidi ya 250, hutoa asidi inayoiharibu shehena nzima. Anayeiona na kuiondoa ni binadamu, mara nyingi mwanamke aliyeketi mbele ya rundo, mwenye jicho lililofunzwa kwa miaka. Ujuzi wake unaokoa tani nyingi, na malipo yake yanapaswa kulingana na ujuzi huo.

Chupa iliyokaa ufukweni nayo si sawa na chupa iliyotoka mezani. Jua hukata minyororo ya molekuli zake, mchanga huikwaruza, chumvi na mwani hushika. Kusafisha ufukwe ni kazi ya lazima kwa ajili ya kasa, samaki na wageni. Lakini kiwanda kinachotaka malighafi nzuri kinapata faida zaidi kikipatana na jiko la hoteli kabla chupa haijachanganywa na mabaki ya samaki. Makundi kama Kwale Plastics Plus Collectors, yanayokusanya plastiki upande wa Diani na Ukunda, yanasimama hasa katikati ya mlango wa jikoni na mlango wa kiwanda.

Chupa za kioo zina mahali pa kwenda palipo karibu zaidi, kwa sababu Mombasa ina kiwanda cha kioo cha Milly Glass. Vigae vya kioo huyeyuka kwa joto la chini kuliko mchanga mpya na magadi. Kila asilimia 10 ya vigae inayoongezwa tanurini hupunguza nishati kwa asilimia 2.5 hadi 3. Kioo kinaweza kuyeyushwa tena na tena bila kuchoka, ilimradi rangi hazichanganywi na kauri haziingii.

Na juu ya hayo yote kuna jambo tunalolijua sote tangu utotoni: kreti ya soda. Unalipa amana, unarudisha chupa, chupa inaoshwa na kujazwa upya mara nyingi. Kiwanda, msambazaji, mwenye duka na mnunuzi wameshikana mnyororo mmoja bila kongamano lolote. Kuosha chupa kunatumia nishati kidogo kuliko kuiyeyusha, na kuiyeyusha kunatumia kidogo kuliko kutengeneza mpya. Kila hoteli ya Diani inayorudisha chupa za kioo mezani badala ya plastiki inafanya jambo kubwa kuliko inayojivunia pipa la kuchakata.

Sheria imefika, mapatano bado

Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017. Mwaka uliofuata watengenezaji walianzisha PETCO ili kusimamia ukusanyaji wa chupa za PET. Mwaka 2022 ikaja Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka, inayotaka taka zitenganishwe zilikotoka na kaunti ziwe na vituo vya kuzichambua. Kanuni za mwaka 2024 zikaongeza wajibu wa mzalishaji: anayeingiza bidhaa sokoni analipia pia mwisho wake.

Wajibu huo unabadilisha hesabu. Chupa isiyolipa nauli kutoka Msambweni inaweza kulipiwa tofauti hiyo na aliyeijaza soda. Lakini fedha hizo zikikusanywa Nairobi na zikaishia Nairobi, mkusanyaji wa Ukunda ataendelea kuuza kwa bei ya dalali, ikipanda na kushuka kwa sababu asizoziona. Kwa hiyo kaunti na vyama vya hoteli vina kazi ya kudai sehemu yao, na kuiandika kwa njia ya bei ya chini isiyovunjwa kwa kila kilo.

Tuwe waangalifu pia na ushirikiano wa jina tu. Kumpa jirani taka zako bure, achome au afukie, hakuwi uchumi wa mzunguko kwa sababu kuna picha ya kupeana mikono. Kipimo kizuri ni kuuliza nani anamlipa nani. Anayepokea akiwa tayari kulipa, basi amepata malighafi. Anayetoa akilazimika kulipa ili aondolewe, basi lazima ukaguzi uwepo: moshi upimwe, maji yapimwe, na wanaoishi karibu waonyeshwe matokeo. Boila ya makapi isiyo na chujio huwamwagia majirani masizi, hata kama umeme wake unaitwa safi.

Upande wa pili wa mpaka, Tanga inatuonyesha kwamba jambo la namna hii hujengwa kwa mikono mingi. Katika mkonge, nyuzi ni kama asilimia 4 tu ya uzito wa jani; kwa zaidi ya karne moja yaliyobaki yalitiririshwa mabondeni na mitoni. Kampuni ya Katani, ikishirikiana na UNIDO (shirika la viwanda la Umoja wa Mataifa), Mfuko wa Pamoja wa Bidhaa na serikali ya Tanzania, ilijenga huko Hale mtambo wa biogesi unaokula mabaki hayo na kufua umeme, ukianzia kilowati 150. Ni umeme mdogo. Hata hivyo ulithibitisha kwamba shamba la mkonge linaweza kuwa shamba la nishati, na kwamba kampuni moja peke yake haingebeba gharama ya jaribio la kwanza.

Kwale inaweza kuanza bila kungoja mfadhili. Kaunti iandae daftari la mabaki: kila kiwanda, hoteli kubwa na kikundi kiandike kinachotoa, kwa tani ngapi, msimu gani, na kinachonunua. Daftari hilo liwe wazi kwa wote. Kisha wenye mabaki na wenye mahitaji waketishwe meza moja, wakianza na jozi nne zilizo dhahiri: tope la Ramisi na ardhi ya Maumba, vumbi la kumbi na mabanda ya maua, vifuu na wachujaji wa maji, chupa za Diani na viwanda vya Mombasa. Kila jozi ipewe mkataba wa miaka isiyopungua mitatu, bei ya chini kwa mkusanyaji, na kipimo cha ubora ambacho pande zote mbili zimekikubali. Zikifaulu mbili kati ya nne hizo, Kwale itakuwa na uzoefu ambao kaunti nyingine za pwani zitakuja kujifunza. Na gharama ya kuanza ni ndogo: ni kukubali kumwonyesha jirani kile tunachotupa, na kumwuliza anahitaji nini.